Mzee wa Pori Anajibu: Wanyama wa Mpakani ni wa Nani?

Toleo lililopita niligusia kwa aya mbili tu jinsi nchi jirani zinavyosaidiana kulinda wanyama, nikadhani yamekwisha. Kumbe nimechokoza. Barua na ujumbe wa simu vimemiminika kutoka Namanga mpaka Goma, vingi vina hasira, na nyingine ni hasira za haki. Nimechagua barua tano. Wale walioniuliza kama ukucha wa simba unaongeza wateja dukani watanisamehe. Hilo wakaulize polisi.

Mzee, habari za huko. Mimi ni dereva wa utalii, napeleka wageni Amboseli. Kuna ndovu ambao wageni wanawajua hadi kwa majina. Wakivuka upande wenu wanapigwa risasi na matajiri wa ng'ambo. Kisha viongozi wanakutana Arusha kuongea ujirani mwema. Ujirani gani huo?
— *Dereva, Namanga, Kenya*

Ndugu dereva, sitakujibu kama msemaji wa wizara. Nimestaafu, na pensheni yangu si kubwa kiasi cha kunifunga mdomo.

Ukanda huo naufahamu. Baada ya masomo ya Chuo cha Mweka nilipangiwa kituo upande wa Longido, na tembo wa Amboseli walikuwa kazi yangu ya kila siku. Hifadhi yenu ni ndogo, kilomita za mraba 392 tu, na tembo wanaoitegemea wanakaribia 2,000. Hawatoshi humo hata wangependa. Wanapita ushoroba wa Kitendeni kupanda kwenye msitu wa Kilimanjaro, wengine wanatawanyika Enduimet, ambayo ni hifadhi ya jumuiya inayomilikiwa na vijiji vyetu. Hakuna ukuta wala waya. Kuna nguzo nyeupe za saruji zilizosimama mbalimbali, na simu yako inakukaribisha Kenya wakati miguu yako bado iko Tanzania.

Upande wa sheria mambo ni mepesi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania haikufanya hivyo: huku mwindaji wa kitalii analipia kibali, kitalu, yaani eneo analowindia, kinalipiwa, na kijiji kinapata mgawo wake. Kwa hiyo dume anayeamka kwenu akipigwa picha, jioni akifika kwetu ana bei. Mwindaji akimpiga akiwa na kibali halali hajavunja sheria ya nchi yoyote.

Lakini palikuwa na neno. Mwaka 1994 madume kadhaa wa Amboseli walipigwa upande wetu, na kelele zake zilifika mbali, kwa sababu tembo wale walikuwa wakifuatiliwa mmoja mmoja na mtafiti Cynthia Moss na wenzake tangu 1972. Kila dume ana faili lake, mama yake anajulikana, rafiki zake wanajulikana. Mwaka uliofuata yakafikiwa makubaliano kwamba ukanda ule wa mpakani usiwindwe tembo. Yalidumu karibu miaka 30. Kisha kuanzia Septemba 2023, katika miezi michache, wakaangushwa madume wasiopungua watano, wakiwemo wale wenye meno ambayo kila moja lina uzito wa zaidi ya kilo 45. Tembo wa namna hiyo Afrika nzima wamebaki wa kuhesabika.

Kwa nini neno lilivunjika? Naeleza ninavyoona mimi. Makubaliano yale hayakuwahi kuwekwa kwenye kanuni. Yalikuwa ni maelewano ya waungwana waliojuana. Waungwana wale wamestaafu, wengine tumewazika, wengine walihamishiwa wizara zisizo na hata paka. Ofisa mpya akifungua kabati anakuta faili la vitalu, faili la ada na faili la malalamiko. Faili la ahadi hakuna. Wewe unaona usaliti. Mimi, kwa jinsi ninavyozijua ofisi zetu, naona kabati.

Nikupe mfano wa jinsi mambo yalivyokuwa yakienda. Redio zetu na za wenzetu wa Kenya hazikuwa zikisikilizana, kila upande na masafa yake. Kwa hiyo nyuma ya daftari langu la doria niliandika namba ya simu ya sajenti mmoja wa upande ule, na yeye aliandika yangu. Siku moja alinipigia alfajiri: "Mzee, kuna dume ana mkuki paja la kushoto, anakuja kwako." Alikuja kweli, akichechemea, usaha unatoka. Daktari wa wanyama aliyekuwa karibu alikuwa wa kwao, mwendo wa saa moja na nusu. Wa kwetu alikuwa mbali sana. Daktari akafika mpaka kwenye nguzo akasimama. Bunduki yake ya sindano ya usingizi ni silaha, na silaha haivuki mpaka bila karatasi ambayo hutolewa mjini, siku za kazi. Tukafanya nini? Tukachukua gari, tukaizungushia ile nyama yote ya tani tano kwa upole, tukawa tunamsukuma arudi kaskazini. Ilipita adhuhuri ndipo akavuka. Akachomwa sindano akiwa hatua chache ndani ya Kenya, mkuki ukatolewa, kidonda kikasafishwa. Sisi tulitazama tukiwa upande wetu wa nguzo, tukipiga makofi kama washangiliaji wa mpira.

Huo ndio ujirani mwema unaouuliza, ndugu dereva. Upo, ila unaishi kwenye madaftari ya watu binafsi.

Na wewe nikuulize. Unasema "ndovu wetu". Yule dume huenda alitungwa mimba kwenye miteremko ya Kilimanjaro, amekula miti yetu nusu ya maisha yake, na amevunja matangi ya maji ya wafugaji wa Enduimet ambao hawajawahi kupata hata senti kwenye tiketi ya lango la Amboseli. Kitalu cha uwindaji kinawalipa kitu. Kenya ikitaka dume yule aachwe, jambo la kuweka mezani ni nini kitaziba pengo la kijiji kile: kambi ya picha inayoshirikiwa, mgawo wa mapato ya lango, au chochote kingine kinachohesabika. Kuwaambia watu wa kijiji cha Sinya kwamba tembo wana majina mazuri hakutawasaidia kulipa ada za shule.

Shikamoo Babu. Tembo wanatoka Tsavo wanaingia mashambani kwetu, mahindi yamekwisha na migomba imelala. Jirani yetu alikanyagwa akafa. Tunasikia Wakenya wakiuawa na tembo familia inalipwa mamilioni. Je, tunaweza kuidai Kenya, maana tembo ni wao?
— *Mama mkulima, Rombo*

Marahaba mama, na poleni sana na msiba.

Kwa ufupi, hamwezi. Mnyama akishavuka anakuwa chini ya sheria ya nchi aliyosimama. Dereva wa Namanga hapo juu hawezi kutudai sisi dume wake, na wewe huwezi kuwadai wao mahindi yako.

Ulichosikia kuhusu mamilioni ni kweli kwenye karatasi. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inataja shilingi za Kenya milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama. Kwetu kuna kifuta machozi, na kanuni za 2011 ziliweka shilingi milioni 1, za Kitanzania. Badilisha fedha mwenyewe uone tofauti. Tembo yuleyule akikanyaga mtu hatua mia moja upande huu au ule, msiba unapewa thamani mbili. Ila usiwaonee wivu sana, kuna familia nyingi upande ule zilizosubiri malipo miaka na miaka.

La kufanya: ripoti haraka kwa mtendaji wa kijiji na ofisa wanyamapori wa wilaya, piga picha shamba kabla hujalisafisha, na andika tarehe. Madai mengi niliyoona yakikwama yalikwama kwa sababu shamba lilishalimwa upya.

Na kama mnataka kudai kitu kwa Kenya kupitia kwa mbunge wenu, daini taarifa. Tembo kadhaa wa Tsavo wamevishwa kola zinazotuma mahali walipo kwa satelaiti. Ujumbe mmoja wa simu saa kumi jioni, kwamba kundi liko kilomita kadhaa na linaelekea kusini, unawapa muda wa kuwasha mioto na kuwaondoa watoto njiani. Hilo halihitaji bunge lolote kupitisha bajeti.

Mzee, jambo sana. Huku kwetu tumeona vita ya kila namna. Kigali na Kinshasa wanatupiana maneno kila siku. Lakini tunasikia walinzi wa gorila wa Congo, Rwanda na Uganda wanafanya kazi pamoja, na gorila wanaongezeka. Ni kweli, ama ni hadithi ya kuombea pesa kwa wafadhili?
— *Mwanafunzi, Goma*

Jambo mwanangu. Jina na mtaa wako nimeviondoa, unajua sababu.

Ni kweli, na pia ni hadithi ya kuombea pesa. Yote mawili yanaishi nyumba moja, na nitakueleza.

Kwanza ukweli. Mbuga yenu ya Virunga ndiyo ya kwanza ya taifa katika Afrika, ilitangazwa 1925 na Wabelgiji kwa jina la mfalme wao Albert, na wakati ule ilikumbatia volkano za pande zote mbili, Congo na Rwanda. Uhuru ulipokuja mlima ukabaki mmoja lakini wenyewe wakawa wengi. Kilele cha Sabyinyo ni mpaka wa nchi tatu kwa wakati mmoja. Gorila wa milimani anaweza kula mianzi ya Uganda asubuhi na kulala Rwanda.

Mwaka 1981 walipohesabiwa kwenye volkano hizo walikuwa kama 254. Hesabu ya 2003 ilitoa 380, ya 2010 ikatoa 480, na ile ya 2015 na 2016 ikatoa 604. Ukijumlisha na wale wa misitu ya Bwindi, Uganda, na Sarambwe, Congo, waliohesabiwa 2018 wakawa 459, unapata 1,063. Mwaka huohuo 2018, katika orodha ya dunia ya wanyama walio hatarini kutoweka, waliondolewa kwenye daraja la hatari kubwa kabisa wakashushwa ngazi moja. Katika nyani wakubwa wote wa dunia, ni nadra kusikia wanaoongezeka. Na kumbuka ni miaka gani hiyo: ndani yake mna mauaji ya kimbari ya 1994, kambi za wakimbizi waliokata kuni mbugani kwa kukosa namna, na vita mbili za Congo.

Niliwahi kupelekwa Kisoro, Uganda, kwenye mafunzo ya pamoja, mimi mtu wa tembo nikajifunze kuhesabu mnyama nisiyemwona. Huhesabu gorila kwa kumtazama. Unahesabu vitanda. Kila jioni kila mmoja anajitandikia kiota chake cha majani, isipokuwa mtoto mchanga anayelala na mama. Asubuhi, kabla ya kuondoka, anajisaidia hapohapo. Mwalimu wetu alikuwa mlinzi wa Congo, mtu mfupi mwenye buti zilizofungwa kwa waya. Alipiga goti kwenye kiota, akatoa rula, akapima kinyesi kana kwamba anapima kitambaa. Zaidi ya sentimita 7 ni la dume mzee. Kisha akaokota unywele kwenye majani akautazama juani: una mvi, basi ni dume mzima mwenye mgongo wa fedha kweli. Kipande kikaingia kwenye chupa kwa ajili ya kupima vinasaba. Mnyarwanda akaandika namba, Mganda akasoma mahali kwenye kifaa cha satelaiti. Kiswahili kilichotuunganisha kilikuwa cha kuokoteza, lakini kazi ilikwenda. Ugomvi pekee niliouona wiki ile ulihusu posho, kwamba mmoja analipwa mara tatu ya mwenzake kwa mlima uleule.

Kwa nini timu zilichanganywa? Kwa sababu nchi moja ikihesabu peke yake, jirani hataamini. Kundi lililovuka usiku litahesabiwa mara mbili au lisihesabiwe kabisa. Kwa hiyo kabla ya siasa yoyote, hesabu yenyewe iliwalazimisha kukaa hema moja.

Fedha nazo zililazimisha. Uganda ilikuwa na kundi moja tu lililozoeshwa watalii katika mbuga yake ya Mgahinga, linaitwa Nyakagezi, na kundi hilo lilikuwa na tabia ya kutangatanga. Likienda Rwanda au Congo, Mgahinga inabaki na wageni waliolipa na hakuna wa kuwaonyesha. Lilirudi 2012 baada ya kupotea kwa muda mrefu. Sasa fikiria: leo kibali cha kutazama gorila ni dola 1,500 Rwanda na 800 Uganda, na huko kwenu Congo kilikuwa 400. Kundi likivuka limebeba fedha mgongoni. Kila upande ungeweza kushawishika kuwazuia wasirudi. Mamlaka za mbuga za nchi hizo zikaketi zikakubaliana kugawana mapato ya kundi lililovuka. Mimi katika mikataba yote ya hifadhi niliyoisoma, kipengele hicho ndicho ninachokiheshimu kuliko vingine. Kinajua binadamu alivyo.

Tarehe nazo zinasema jambo. Tamko la Goma, la kulinda mbuga hizi kwa pamoja, lilitiwa saini 2005. Tamko la mawaziri la Rubavu likafuata 2008. Kinshasa na Kigali walirudishiana mabalozi mwaka 2009! Maana yake ni kwamba mawaziri wa wanyama walikwisha kuketi meza moja na kuweka saini wakati nchi zao hazina hata balozi wa kupelekeana barua. Mkataba kamili wa nchi tatu ulikuja 2015, na ofisi yake iko Kigali. Ukitaka kujua ulianzia wapi, rudi miaka ya 1990, walipoanza askari wa doria kukutana mpakani kupeana habari za mitego ya kamba. Saini za wakubwa zilikuta njia imeshakanyagwa.

Sasa upande wa pili. Usije ukaandika shuleni kwamba gorila walileta amani. Hawakuleta. Julai 2007 gorila kadhaa wa familia ya Rugendo waliuawa, dume Senkwekwe akiwemo, na picha ya wanakijiji wakimbeba kwenye machela ilizunguka dunia. Mwaka uleule waasi wa CNDP waliikalia sehemu ya gorila, walinzi wakafukuzwa zaidi ya mwaka. Walirudi mwishoni mwa 2008 baada ya mkurugenzi mpya wa mbuga, Emmanuel de Merode, kwenda mwenyewe kuzungumza na waasi. Huyohuyo alipigwa risasi 2014 kwenye barabara ya kuja Goma, akapona. Walinzi zaidi ya 200 wa Virunga hawakupona. Aprili 2020 waliuawa 12 kwa mkupuo mmoja. Na tangu waasi wa M23 warudi, mpaka wakaingia mji wenu Januari 2025, ufuatiliaji wa gorila upande wa mlima Mikeno, wanakoishi, umekuwa wa kubahatisha. Juni 2025 mawaziri wa Rwanda na Congo walitia saini makubaliano ya amani Washington. Wewe uliyeko hapo unajua kuliko mimi yamebadilisha nini mtaani kwako.

Na zile fedha? Ndiyo, sehemu kubwa ya gharama za ushirikiano huu imebebwa na wafadhili wa nje, Uholanzi ikiwa mojawapo, pamoja na mashirika ya hifadhi ya kimataifa. Hapo wasiwasi wako ni wa haki. Mkutano unaolipiwa na mgeni hufa siku mgeni anapobadilisha serikali. Ningefurahi kuona kila kibali kinachouzwa kikikatwa dola chache za kulipia doria za pamoja, halafu tuone nani anajali kweli.

Shikamoo Mzee. Nasoma uhusiano wa kimataifa. Mhadhiri anasema "hifadhi za amani" kusini mwa Afrika ni mfano bora wa diplomasia ya mazingira. Naomba maoni yako kwa ajili ya insha.
— *Mwanachuo, Dar es Salaam*

Marahaba. Maoni nitakupa, insha uandike mwenyewe.

Ukiwa unasoma mfano wa kusini, wa hifadhi zilizounganishwa kuvuka mpaka, uliza milango. Kgalagadi, kati ya Botswana na Afrika Kusini, ilifunguliwa Mei 2000, na mgeni anazunguka pande zote mbili bila pasipoti mradi atokee lango aliloingilia. Hiyo imefanya kazi, nadhani kwa sababu ilikuwa tayari inaendeshwa hivyo kienyeji kwa miongo mingi kabla ya marais kuja kukata utepe, na kwa sababu jangwa lile halina watu wengi wa kugombana nao.

Limpopo Kuu ni kinyume. Marais Mbeki wa Afrika Kusini, Chissano wa Msumbiji na Mugabe wa Zimbabwe walitia saini Desemba 2002, ramani ikapakwa kijani. Tembo waliohamishwa kutoka Kruger kupelekwa Msumbiji, baadhi waligeuka wakarudi kwao kwa miguu. Ndani ya eneo la Msumbiji walikuwa wanaishi maelfu ya watu ambao walitakiwa kuhama, na baadaye uzio uliofunguliwa ukawa kero kwa walinzi wa faru. Amani kati ya marais ilikuwepo tangu mwanzo. Ambaye hakuulizwa ni mwanakijiji.

Halafu kuna KAZA, hifadhi ya pamoja ya nchi tano: Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe, mkataba wa Agosti 2011, eneo la karibu kilomita za mraba 520,000. Sensa ya 2022 ilikuta humo tembo wapatao 227,900. Kumbuka kwamba kusini mwa Angola na Caprivi ya Namibia ni maeneo yaliyoona vita vikali, mpaka mabomu ya ardhini yalibaki. Kwa maoni yangu jambo lililofanya wananchi waisikie KAZA ni viza moja ya Zambia na Zimbabwe ya 2014, kwa sababu ilimgusa mwenye teksi wa Livingstone.

Usichanganye haya na kupeana wanyama zawadi. Hilo ni la zamani: Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, na wale kobe wakubwa wa Changuu walioshangaza utoto wangu ni uzao wa zawadi ya gavana wa Shelisheli ya 1919. Zawadi inatolewa mara moja na picha inapigwa. Mto au kundi la nyumbu mnaamka nalo kila siku.

Mzee, mimi nina kampuni ndogo ya utalii Mugumu. Nyumbu wanavuka kwenda Mara bila kuulizwa, mteja wangu lazima azunguke mpaka Sirari. Lango la Bologonja litafunguliwa lini?
— *Mfanyabiashara, Serengeti*

Mdogo wangu, lango hilo lilifungwa Februari 1977 pamoja na mpaka wote, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipokuwa inavunjika. Mpaka ulifunguliwa 1983. Bologonja haikufunguliwa kwa watalii, na tangu hapo kila mkutano wa utalii Kenya wanaiomba na sisi tunakohoa.

Sababu haijabadilika. Kabla ya 1977 mgeni alishuka Nairobi, akalala Nairobi, akakodi gari la Nairobi, akaingia Mara, akateremka Serengeti, akarudi kulala Nairobi. Sisi tulibaki na vumbi na chupa. Wazee wa wakati ule waliamua mgeni wa Serengeti apitie Arusha, na mji wa Arusha ulijengeka kwa uamuzi huo. Mimi sijawahi kuulaumu. Kuna na hoja ya uhifadhi: barabara ya magari mengi kaskazini mwa Serengeti ingekata njia ya nyumbu wanaozidi milioni moja.

Ni jambo dogo linaloweza kuwa kubwa. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari ya utalii yenye namba za Tanzania kuchukua wageni uwanja wa ndege wa Nairobi. Sisi tukajibu kwa kupunguza safari za ndege za Kenya Airways kutoka 42 kwa wiki mpaka 14. Ilibidi Kikwete na Kenyatta wakutane Windhoek, kwenye sherehe za kuapishwa rais wa watu wengine, Machi 2015, ndipo ikaisha. Ilianza na magari ya kubebea watalii!

Lakini hapohapo Serengeti na Mara kuna mengine yanakwenda. Tulipotaka kupitisha barabara kaskazini mwa hifadhi, shirika la Kenya lilitushtaki Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo iko Arusha, kwetu wenyewe, na Juni 2014 mahakama ikazuia lami. Kuna wenzangu waliona ni matusi. Mimi niliona ni mara ya kwanza majirani wanagombania wanyama mbele ya hakimu badala ya kwenye magazeti. Na kila tarehe 15 Septemba, tangu 2012, nchi mbili zinapokezana kuadhimisha Siku ya Mara, kwa sababu mto Mara ukikaushwa huko kwenye misitu ya Mau, Kenya, huku Serengeti nyumbu hawana pa kunywa Agosti. Wakulima wa juu na wahifadhi wa chini wanapigana maneno hadharani siku hiyo, na ni vizuri.

Bologonja yenyewe nakuambia kwa uzoefu: itafunguliwa siku pande zote mbili zitakapokubaliana mgeni anayepita pale alale wapi na ada igawanywe vipi, kama walivyofanya wenzetu wa gorila. Mpaka sasa sijaona karatasi yenye hesabu hiyo. Kwa hiyo ukienda benki kuomba mkopo wa gari jipya, usimwambie meneja kwamba unategemea lango hilo.